Kamera ya Serengeti Ikiletwa Jozani

  Mazungumzo ya leo yanahusu mashine zinazojifunza, teknolojia hii tunayoisikia kila siku kwa jina la akili mnemba. Sifa zake zimeshaimbwa sana, kwa hiyo leo tutaziacha. Tutauliza jambo moja: mashine iliyofundishwa kwengine, ikaja kufanya kazi kwetu Zanzibar, iaminiwe kwa kiasi gani? Na nini kifanywe ili iaminike zaidi?

Tuanze na ng'ombe.

Anayepita Paje au Jambiani asubuhi, maji yametoka, hashangai kumkuta ng'ombe ufukweni. Anajitembelea zake juu ya mchanga mweupe, bahari iko nyuma yake, na hapana anayegeuka kumtazama isipokuwa mgeni mwenye simu mkononi. Sasa sikilizeni. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Sara Beery, Grant Van Horn na Pietro Perona, walichapisha utafiti juu ya mashine zinazotambua wanyama kwenye picha. Na mfano walioutanguliza ni huohuo: ng'ombe. Akiwa malishoni, kwenye majani mabichi, mashine ilimtambua bila taabu. Akiwa ufukweni, mashine ilimpita kama haikumwona.

Kwa nini? Kwa sababu picha ilizofundishiwa zilikuwa za ng'ombe wa malishoni. Hakuna aliyeiambia mashine kwamba majani si sehemu ya ng'ombe. Ikajifunza vyote viwili kwa pamoja, mnyama na mahali pake, na mahali palipobadilika, ushahidi ukapungua. Kwa watafiti wale, ng'ombe wa ufukweni alikuwa mfano wa jambo la nadra. Kwa mtu wa Jambiani ni Jumatatu ya kawaida. Basi hili lishikeni, maana tutalirudia: kinachohesabiwa kioja na aliyeitengeneza mashine, kwa anayeitumia kinaweza kuwa ndiyo kawaida yenyewe.

Haya, tutoke pwani tuingie msituni.

Jozani iko kilomita 35 hivi kusini-mashariki ya Mji wa Zanzibar, na tangu 2004 ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, hifadhi ya taifa pekee tuliyonayo Zanzibar. Humo yumo kima punju, yule mwenye mgongo mwekundu, uso mweusi na nywele nyeupe zilizomzunguka usoni, ambaye duniani kote hana kwao isipokuwa visiwa hivi. Yumo pia kima mweusi, yumo komba, na yumo paa nunga, mnyama mdogo mwenye haya ambaye wengi waliozaliwa Kitogani na Pete wanamsikia tu kwa jina.

Wanyama hao wanahesabiwaje? Kwa kima punju, watu walitembea. Utafiti mkubwa ulioongozwa na Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, ambao matokeo yake yalichapishwa 2019, ulichukua zaidi ya saa 4,000 za kazi, watafiti wakipita msitu kwa msitu kuhesabu makundi. Walikuta kima zaidi ya 5,800, takriban mara tatu ya ilivyodhaniwa kabla. Habari njema hiyo, lakini ilikuja na nyengine isiyopendeza: watoto wengi wa kima hao hawafiki ukubwani. Kazi kama hiyo haiwezi kufanywa kila mwaka. Miguu inachoka na fedha zinakwisha. Ndipo fikra za watu zinapokwenda kwenye kamera.

Kamera inayokusudiwa ni kijisanduku kinachofungwa kwenye mti, kikakaa kimya usiku na mchana. Akipita mnyama mwenye joto mwilini, kamera inapiga picha yenyewe. Huitwa kamera za mtego, ingawa hazimnasi mtu. Na Jozani si mgeni wa kamera hizo. Mwaka 2003 zilifungwa humo kutafuta wanyama wadogo wala nyama, na zikampata hai kwa mara ya kwanza kwenye picha yule kanu wa Unguja, mnyama mrefu mwenye madoa ambaye mpaka hapo sayansi ilimjua kwa ngozi na masalia tu.

Tatizo la kamera halipo katika kupiga picha. Lipo katika kuzitazama. Upepo ukitikisa jani lililopigwa na jua, picha. Akipita mtu na kuni zake, picha. Kamera chache kwa miezi michache zinarundika picha maelfu kwa maelfu, na anayepaswa kuzipitia ni mtu mmoja ofisini mwenye kazi nyengine kumi. Hapo ndipo mashine inapoitwa.

Na mashine ya kazi hiyo ipo, tena imesomea hapahapa Tanzania.

Kule Serengeti, tangu 2010, kamera 225 zilisambazwa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,000. Picha zilipozidi nguvu za watafiti, ziliwekwa kwenye intaneti na watu wa kujitolea wakaombwa waseme wanachokiona. Zaidi ya 28,000 walijiandikisha: wastaafu, wanafunzi, watu ambao pengine Afrika hawajawahi kuikanyaga, wakikaa usiku kutenganisha swala tomi na swala granti. Picha moja ilitazamwa na watu wengi, na jibu lililopata kura nyingi ndilo lililochukuliwa. Kisha mwaka 2018, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Wyoming walizitumia picha milioni 3.2 za mkusanyiko huo kuifundisha mashine. Ikajua kuwataja wanyama kwa usahihi wa asilimia 93.8. Wenyewe walikadiria kuwa ingeokoa zaidi ya saa 17,000 za kazi ya binadamu.

Asilimia 93.8! Nani asingeitaka? Ipakieni kwenye boti, ije Unguja, tuifunge Jozani kesho.

Subirini kwanza.

Tuulize maswali ambayo mnunuzi makini angeuliza. La kwanza: hiyo alama imepatikana kwenye mtihani gani? Ile 93.8 ilipimwa kwa picha zenye mnyama tu, lakini katika mkusanyiko mzima wa Serengeti, robo tatu ya picha hazina mnyama hata mmoja. Ni majani na upepo. Maana yake, mashine ya kijinga kabisa, ambayo kila ikioneshwa picha inajibu "hakuna kitu", ingepata alama 75 kwa 100 bila ya kumjua hata tembo. Kwa hiyo alama moja ya jumla haitoshi. Lazima iulizwe alama ya kila mnyama peke yake. Nyumbu na pundamilia, ambao picha zao ni nyingi mno, mashine inawajua vizuri. Kicheche, ambaye picha zake zinahesabika, inamkosa mara kwa mara. Na hapa uhifadhi unapingana na hesabu, kwa sababu mnyama tunayemtaka zaidi mara nyingi ndiye mwenye picha chache zaidi.

Swali la pili: orodha ya majibu yake ina nini? Ile ya Serengeti iliwagawa wanyama katika makundi 48. Nyani yumo, tumbili yumo. Kima punju hayumo, na angekuwamo vipi? Sasa kima punju wa Jozani akijitokeza mbele ya kamera, mashine haina jibu sahihi la kumpa. Lakini lazima ijibu, ndivyo ilivyoundwa. Itachagua la karibu, huenda nyani, huenda tumbili, na pembeni itaandika kwamba ina uhakika wa asilimia kubwa. Haisemi uongo kwa makusudi. Ulimwengu wake una vitu 48 tu na kila kitu lazima kiingie humo.

Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi: picha za mtihani zilitoka wapi? Tuseme una kamera ishirini. Umechukua picha zote, umezichanganya, nyingi ukafundishia na chache ukaziweka za mtihani. Unaona umefanya haki. Kumbe picha za mtihani zimepigwa na kamera zilezile, mbele ya mti uleule na jiwe lilelile. Mashine inaweza kukariri kwamba mbele ya mti huu hupita swala, ikapata alama kwa kuujua mti. Beery na wenzake walipozificha kamera nzima nzima, yaani mashine isione hata picha moja kutoka hapo mpaka siku ya mtihani, makosa yaliongezeka sana. Wanyama walikuwa walewale na nchi ileile. Kilichobadilika ni mti tu.

Kama mti tu unaisumbua, kutoka mbuga ya wazi mpaka msitu wa Jozani itakuwaje? Kule kuna majani mafupi na mwanga unaoshuka moja kwa moja. Huku kuna mitondoo na michikichi, ardhi inayotuama maji siku za masika, mwanga unaopenya kwa vipande vipande, na unyevu unaoweza kuufunika uso wa kamera kwa ukungu. Kule wanyama wanapita chini, mbele ya lenzi. Huku kima yuko juu, ananing'inia, nusu yake jani na nusu yake mkia. Mchukue mvuvi hodari wa Ziwa Victoria umlete Ghuba ya Chwaka: nyavu anazijua, upepo anaujua, lakini bamvua na maji mafu hajapata kuishi nayo, na mashua yake itamkwamia kwenye matope. Ustadi anao. Bahari hii ndiyo hajaisoma.

Sasa, wasikilizaji, isidhaniwe kwamba nasaha hapa ni kuzikataa mashine. Hasha. Zipo njia za kuziimarisha, na nyingine zimeshaonesha matunda.

Njia moja ni kuipunguzia mashine swali. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa mashine iliyofundishwa kwa picha za Marekani. Nyumbani kwake ilipata asilimia 98. Ilipopewa picha za wanyama wa Kanada, ikashuka mpaka 82. Lakini walipoipa picha za Tanzania na kuiuliza jambo dogo tu, kama pichani mna mnyama ama hamna, iliwagundua katika picha 94 kwa kila 100 zenye mnyama. Hebu litazameni hilo. Kumtaja mnyama kwa jina ni kazi ya wenyeji. Kusema "hapa pana kitu" ni kazi ambayo hata mgeni anaweza. Basi kwa Jozani inaingia akilini kuigawa kazi: mashine ya mbali iondoe picha tupu, ambazo ndizo zinazokula muda, na majina yaachiwe mashine ndogo iliyofundishwa kwa picha za hapahapa, au waachiwe watu.

Na hao watu ni nani? Bila ya kuzunguka: waongozaji wa Jozani, wakulima wa pembezoni mwa msitu, wazee wanaomjua paa nunga kwa nyayo. Picha ikiwa na ukungu, mtu wa London anayejitolea usiku atabahatisha. Mtu wa Pete atasema, "huyu kima mweusi, tazama mkia." Kuziandikia picha majina ni kazi ya ujuzi, na inafaa ilipwe kama kazi ya ujuzi. Mashine iliyofundishwa kwa majibu mabovu hujifunza ubovu huo kwa uaminifu mkubwa.

Njia nyengine, na kwa maoni ya mzungumzaji wenu hii ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni kuifundisha mashine kunyamaza. Turudi kidogo Serengeti. Watafiti wale hawakuishia kwenye asilimia 93.8. Waliiruhusu mashine ijibu pale tu inapokuwa na uhakika, na picha nyengine ziende kwa watu. Matokeo? Ilizishughulikia picha 99.3 kwa kila 100, kwa usahihi wa asilimia 96.6, sawasawa na wale watu wa kujitolea. Kwa kuachiwa inyamaze kidogo tu, ikawafikia binadamu.

Lakini ngojeni, kuna mtego ndani yake. Uhakika wa mashine nao unahitaji kupimwa. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionesha kuwa mashine za kisasa za aina hii huelekea kujiamini kupita kiasi: kwa mfano, inaweza kusema ina uhakika wa 95, kumbe ikihesabiwa inapatia mara 85 hivi. Hilo linaweza kurekebishwa kwa hesabu nyepesi, ila marekebisho yakifanywa kwa picha za mbugani hayadumu msituni. Ni yaleyale tuliyosema: kila kipimo kipimwe upya mahali kinapotumika.

Na kunyamaza kuna gharama yake pia, tusidanganyane. Kule Tailandi, mashine ya kutazama picha za macho ya wagonjwa wa kisukari ilipelekwa kwenye kliniki za kawaida, na utafiti wake ukatoka 2020. Maabarani ilikuwa imefanya vizuri sana. Kwenye kliniki, vyumba vyengine havikuwa na giza la kutosha, picha zikatoka hafifu, na mashine ikakataa kusoma zaidi ya picha moja katika kila tano. Ilikuwa mwangalifu, naam. Lakini mgonjwa aliyeacha kazi yake siku hiyo akaambiwa aende hospitali nyengine, siku nyengine. Kwa hiyo mashine ikinyamaza, lazima pawepo mtu karibu wa kuichukua kazi pale ilipoachwa. Bila ya mtu huyo, uangalifu wa mashine unageuka usumbufu wa mwananchi.

Tuje kwa chui, maana najua kuna anayemngojea.

Chui wa Unguja ana historia nzito: walikuwapo watu waliosadikiwa kumfuga kwa uchawi, na baada ya Mapinduzi ya 1964 akawindwa kwa kampeni maalumu. Kamera za 2003 hazikumwona. Mwaka 2018 kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kilionesha mkanda wa mnyama aliyedaiwa kuwa ndiye, na mpaka leo haijathibitika kisayansi kwamba wapo. Sasa tuseme, kwa mfano tu, tunaweka mashine ya kumtafuta. Tunakusanya picha 100,000. Mashine ni nzuri sana, katika kila picha 1,000 inakosea moja, ikaona chui pasipo chui. Hesabu: hizo ni picha 100 zenye jina la chui. Ikiwa msituni hamna chui hata mmoja, basi zote 100 ni makosa, na zote zitakwenda kwenye simu za watu kabla ya magharibi! Kitu kikiwa adimu sana, hata mashine yenye makosa machache huzaa habari nyingi za uongo. Na upande wa pili, chui wa bara ana mabaka makubwa, wakati wa Unguja, kwa ngozi zilizohifadhiwa, ana madoa madogo zaidi. Mashine iliyofundishwa kwa chui wa bara inaweza ikapitwa na wa kwetu.

Jambo hili halikomei kwa wanyama. Mnakumbuka zile ndege zisizo na rubani zilizopita juu ya Unguja na Pemba kuanzia 2016, kazi ya Kamisheni ya Ardhi na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar pamoja na Benki ya Dunia? Picha zake zilitumika 2018 katika shindano la kufundisha mashine kuchora nyumba kwenye ramani. Walioliandaa walifanya jambo la maana: majibu hayakuwa "nyumba" na "si nyumba" tu. Yalikuwa matatu: nyumba iliyokamilika, nyumba ambayo haijakamilika, na msingi. Mtu yeyote wa Unguja anajua kwa nini. Msingi unaweza kukaa miaka mitano ukingoja fedha za tofali, na aliyehesabu msingi kuwa nyumba atawapangia maji na umeme watu ambao bado hawajahamia. Hapo ujuzi wa mahali uliingizwa ndani ya swali lenyewe, kabla mashine haijaanza kusoma.

Wasikilizaji, barabara ya Jozani ina matuta. Yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa na magari, na yalipowekwa vifo vikapungua. Uamuzi wa namna hiyo, wapi liwekwe tuta, shamba gani lilipwe, eneo gani lifungwe, unategemea hesabu. Kesho hesabu hizo huenda zikatoka kwenye mashine.

Kwa hiyo ombi la leo liende kwa wenye dhamana: wa misitu, wa afya, wa ardhi, wa skuli. Atakayeletewa mashine na kuambiwa inapata 98 kwa 100, aombe aoneshwe matokeo ya hapa, kwa picha za hapa, masika na kiangazi, kila mnyama au kila ugonjwa na alama yake. Yakiwa hayapo, yafanywe kabla ya malipo, na waongozaji wa Jozani na vijana wa vyuo vyetu wawe ndani ya jaribio hilo tangu siku ya kwanza.